Safari ya Damu na Safari ya Maarifa: Usomaji wa Maradhi katika Mbulu na Hanang

Kazi ya kwanza ya utabibu si kutoa dawa. Ni kulijua jina la maradhi. Dawa njema ikipewa mgonjwa asiyestahili huwa hasara ya mali, na pengine huwa sumu. Kwa sababu hiyo kila taifa lililotaka kulinda siha ya watu wake lililazimika kulea, pamoja na madaktari wanaotibu, kundi jingine la madaktari ambao wagonjwa huwaona kwa nadra. Hao hukaa maabara, wakachungua kipande cha nyama, tone la damu au usaha, kisha wakatamka kuwa maradhi ni haya wala si yale. Fani yao huitwa patholojia. Mwishoni mwa karne ya 20 fani hiyo ilizaa tawi jipya, nalo ni patholojia ya jenetiki na molekuli. Tawi hili halitazami umbo la seli peke yake. Husoma maandiko ya urithi yaliyomo ndani ya seli, yaani DNA, na kutafuta humo sababu ya ugonjwa.

Makala haya yaeleza jinsi elimu hiyo ilivyohusiana na wilaya mbili za Tanzania, Mbulu na Hanang. Wilaya hizi zilitoa mengi kwa elimu ya urithi kabla ya kupata mengi kutoka kwayo. Habari zake zafaa kuchunguzwa na kila mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini mafunzo ya madaktari wachache wa fani ngumu ni jambo la haki kwa wanavijiji wengi.

Mbulu na Hanang zimo katika mkoa wa Manyara, mkoa uliokatwa kutoka ule wa Arusha mwaka 2002. Hapo kale zote mbili zilikuwa sehemu za wilaya moja kubwa ya Mbulu. Nchi yao iko magharibi ya ukingo wa Bonde la Ufa, na juu yake umesimama mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Ni pahali pachache duniani ambapo eneo dogo kama hilo lina watu wa asili mbalimbali kiasi hicho. Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji, husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wadatoga, ambao miongoni mwao ni Wabarbaig wa Hanang, ni wafugaji wa ng'ombe na lugha yao ni ya jamii ya Kinailo. Wanyiramba na Wanyisanzu husema lugha za Kibantu. Na katika bonde la Yaeda wako Wahadzabe, wawindaji na waokota matunda na mizizi, ambao lugha yao haikuthibitishwa kuwa na udugu na lugha nyingine yoyote. Mtu wa lugha hushangaa akitazama mkusanyiko huo. Mtu wa elimu ya urithi hushangaa zaidi, kwa maana kila kundi limebeba katika damu yake kumbukumbu ya safari zake za maelfu ya miaka.

Watu hawa hawakungoja wageni ili wajue kwamba maradhi yana asili. Wairaqw walikuwa na waganga wao, qwaslare, ambao maarifa yao yalishuka kutoka kizazi hata kizazi katika koo maalumu. Matibabu ya hospitali yalikuja baadaye na kwa uchache. Katika zama za utawala wa Waingereza wanavijiji wengi walimjua dresa kabla ya kumjua daktari. Mwaka 1955 Misheni ya Kilutheri ya Norwei ilifungua hospitali ya vitanda 50 hivi pale Haydom, kusini ya wilaya ya Mbulu, pahali palipo mbali na mji wo wote mkubwa. Kutoka hapo hata Arusha ni mwendo wa kilomita 300 hivi. Baada ya Uhuru hospitali hiyo ilikabidhiwa kwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ikakua hata ikapita vitanda 400, nayo ikawa kimbilio la watu wa Mbulu, Hanang na wilaya za jirani.

Hospitali ya namna hiyo iliweza kusoma nini katika miaka yake ya kwanza? Hadubini ilionyesha malaria ndani ya damu, mayai ya minyoo ndani ya choo, na vijidudu vya kifua kikuu ndani ya makohozi. Hayo yalikuwa mengi na yaliokoa maisha. Lakini uvimbe ulikuwa na sharti jingine. Kipande cha uvimbe hulowekwa katika fomalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa rangi, kisha husomwa na daktari aliyejifunza kazi hiyo kwa miaka. Daktari huyo alikuwa mjini. Basi kipande cha nyama kilipanda gari kwenda kumfuata, na mgonjwa akabaki nyumbani kungoja. Huo ulikuwa mwanzo wa mtindo uliodumu: sampuli husafiri upesi kuliko majibu, na majibu husafiri upesi kuliko maarifa yenyewe.

Mtindo huo haukuwa wa Mbulu peke yake. Historia ya elimu ya maradhi ya urithi katika Afrika Mashariki nzima ina sura hiyo hiyo. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba rangi nyekundu ya damu ya mgonjwa wa selimundu ina umbile tofauti na ya mtu mwingine, wakaliita jambo hilo ugonjwa wa molekuli. Mwaka huo huo, Hermann Lehmann na Alan Raper walitangaza kutoka Uganda kwamba alama ya selimundu hupatikana kwa viwango mbalimbali sana katika makabila ya nchi ile. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza sababu ya tofauti hizo: mtu aliyerithi alama hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo alama hudumu mahali penye mbu wengi. Mwaka 1957 Vernon Ingram alibainisha kuwa tofauti yote hutokana na badiliko la asidi amino moja tu katika protini ya damu. Kwa hiyo msingi mmoja mkubwa wa elimu ya molekuli katika utabibu ulijengwa kwa matone ya damu ya watu wa Afrika na ya watu wenye asili ya Afrika.

Mfano wa pili ni saratani iliyopewa jina la Denis Burkitt. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari huyo wa upasuaji alianza kuona watoto wenye uvimbe wa kutisha wa mataya. Mwaka 1958 aliandika habari zao. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari yapata maili 10,000 katika Afrika ya mashariki na kusini, Tanganyika ikiwamo, wakiuliza kila hospitali kama iliwaona watoto wa namna ile. Walipata kwamba ugonjwa hupenda nchi za chini zenye joto na mvua, na hukimbia nyanda za juu zenye baridi. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hata London, na humo Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kuwa wameona virusi vipya. Mwaka 1976 ilidhihirishwa kuwa katika seli za saratani hiyo kipande cha kromosomu ya 8 hubadilishana mahali na kipande cha kromosomu ya 14. Mwaka 1982 jeni iliyohamishwa ikatambuliwa, nayo ni ile iitwayo MYC. Leo daktari anayetaka kuthibitisha ugonjwa huo kwa njia iliyo bora hutafuta badiliko hilo la kromosomu. Ugonjwa ulitambuliwa Kampala, lakini kwa miaka mingi kipimo chake cha hakika kilikuwa karibu zaidi na mtoto wa London kuliko na mtoto wa Afrika Mashariki.

Mbulu na Hanang ziliingia katika historia hii kwa njia ya watu wake wa asili mbalimbali. Mwaka 1962 Derrick Jelliffe wa Makerere, pamoja na mwanaanthropolojia James Woodburn na wengine, walitoa makala juu ya afya ya watoto wa Wahadzabe, nao walisifu hali ya lishe ya watoto wale. Miaka 50 baadaye, mwaka 2012, watafiti walichapisha usomaji wa DNA yote ya wawindaji 15 wa Afrika, na katika hao 5 walikuwa Wahadzabe. Mambo yaliyosomwa humo yalihusu asili ya binadamu wote.

Utafiti uliogusa zaidi maisha ya kila siku ya wilaya hizi ulihusu maziwa. Watu wazima wengi duniani hawawezi kusaga sukari ya maziwa, kwa kuwa nguvu ya kuisaga hupungua baada ya utoto. Wazungu wengi huweza, na sababu yake katika DNA yao ilijulikana tangu mwaka 2002. Lakini wafugaji wa Afrika Mashariki nao hunywa maziwa wala hawadhuriki, ilhali hawana badiliko lile la Kizungu. Sarah Tishkoff na wenzake, miongoni mwao Thomas Nyambo wa Muhimbili, walipima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Watu hao walinywa maji yaliyotiwa sukari ya maziwa, kisha sukari ya damu zao ikapimwa kwa tone la kidole. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Yalionyesha badiliko jingine la DNA, ambalo umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800, na ambalo kiwango chake cha juu kilikuwa katika watu wa Tanzania wasemao lugha za Kikushi, asilimia 46. Waliowafuata ni Watanzania wa lugha za Kinailo, asilimia 39. Wairaqw ndio kundi kubwa la Kikushi katika Tanzania, na Wadatoga ni wa jamii ya Kinailo. Hivyo elimu ya dunia ilithibitisha kwa maandiko ya damu kile ambacho mchungaji wa Hanang alikijua kwa kibuyu chake.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapana shaka watafiti hawa walikuja kwa nia njema, na elimu waliyoitoa ni mali ya watu wote. Hata hivyo swali la methali halikuondoka: mwenyeji alipona nini? Kwa maana maziwa yale yale yaliyoandikwa katika majarida makubwa ya sayansi yana habari nyingine, nayo si ya asili ya binadamu bali ya ugonjwa.

Yafikiriwe maradhi ambayo kila zahanati ya ufugaji huyajua: mtoto au mtu mzima aliyevimba tezi za shingo. Kwa macho na kwa vidole uvimbe huo ni mmoja, lakini sababu zake ni nyingi. Waweza kuwa kifua kikuu cha kawaida kilichoshuka katika tezi. Waweza kuwa kifua kikuu cha ng'ombe, kiletwacho na kijidudu kiitwacho Mycobacterium bovis, ambacho huingia mwilini kwa maziwa yasiyochemshwa. Waweza kuwa wa vijidudu vya jamii hiyo visivyo vya kifua kikuu. Tena waweza kuwa saratani ya tezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya wagonjwa wa tezi katika mkoa wa Arusha wa wakati ule, ambao Mbulu na Hanang zilikuwa ndani yake, ulithibitisha kwamba kijidudu cha ng'ombe kilikuwamo kweli katika baadhi ya wagonjwa, na vile visivyo vya kifua kikuu pia vilikuwamo.

Tofauti hizo si za kitabuni tu. Mgonjwa wa saratani akipewa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita hupoteza miezi ambayo ndiyo tumaini lake. Mgonjwa wa kijidudu cha ng'ombe akipewa dawa za kawaida, mojawapo ya dawa hizo, pirazinamidi, haimsaidii, kwa kuwa kijidudu hicho kwa tabia yake huishinda dawa hiyo. Tena jamaa ya mgonjwa huyo wahitaji kuonywa juu ya maziwa, na ng'ombe wao wahitaji kupimwa, mambo ambayo hayatafanyika kama jina la kweli la kijidudu halikutajwa. Hapa ndipo usomaji wa DNA unapokuwa jambo la uhai katika boma la mfugaji.

Zana za usomaji huo zilianza kufika. Haydom ilianza kutibu wagonjwa wa Ukimwi kwa dawa za kupunguza makali mwaka 2003, na baada ya muda mfupi swali lilizuka: daktari wa kijijini atajuaje kama dawa zinashinda virusi ama virusi vinashinda dawa? Kipimo cha wingi wa virusi kilihitaji damu iliyogandishwa, na barabara ya vumbi haiwekani na barafu. Mwaka 2009 utafiti wa Haydom ulionyesha kwamba matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, kisha yakasafirishwa, yaliweza kupimwa wingi wa virusi kwa kuaminika. Lilikuwa jambo dogo kwa sura na kubwa kwa maana, kwa kuwa lilitoa njia kwa hospitali zisizo na majokofu ya gharama. Tangu mwaka huo huo wa 2009 Haydom ilikuwa kituo kimoja cha utafiti mkubwa wa watoto uliofanyika katika nchi nane, ukichunguza uhusiano wa kuhara, lishe na ukuaji. Baadaye vijidudu vya choo cha watoto hao vilitafutwa kwa njia za molekuli.

Mwezi Desemba mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mashine ya GeneXpert kwa kupima kifua kikuu. Mashine hiyo husoma DNA ya kijidudu ndani ya kikopo kidogo kilichofungwa, na kwa muda wa saa mbili hivi hutoa jibu, pamoja na dalili ya usugu wa dawa moja kuu. Ilienea upesi katika Tanzania kama katika nchi nyingine. Wapo waliodhani kwamba kwa mashine hiyo tatizo la usomaji limekwisha. Lakini asiyejua maana haambiwi maana. Kipimo chake cha kawaida hutambua jamii nzima ya vijidudu vya kifua kikuu. Hakitengi kijidudu cha mtu na kijidudu cha ng'ombe. Hakisemi lo lote juu ya pirazinamidi. Kikikosa kuona kijidudu, hakisemi kama uvimbe ni saratani. Mashine hujibu swali iliyoundwa kuliuliza, wala haijui kuwa liko swali lingine. Ajuaye kuwa liko swali lingine ni mtu, na mtu huyo hana budi kufundishwa.

Mafunzo ya mtu huyo yana historia fupi. Njia ya kusoma mpangilio wa DNA aliyoiunda Frederick Sanger ilitoka mwaka 1977, na njia ya kuzidisha kipande kidogo cha DNA kikawa vipande milioni nyingi ilibuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Kwa miaka kadhaa kazi hizo zilikuwa za wanasayansi wa vyuo. Zilipoingia hospitalini, ilionekana kuwa mwanasayansi ajuaye DNA aghalabu hamjui mgonjwa, na daktari amjuaye mgonjwa hajui DNA. Ili kuziba ufa huo, bodi mbili za Marekani, ya patholojia na ya jenetiki ya utabibu, zilipatana mwaka 1999 kutoa cheti kimoja cha pamoja, na mtihani wa kwanza ukafanywa mwaka 2001. Daktari huingia katika mafunzo hayo baada ya kumaliza ubingwa wa patholojia au wa jenetiki, na hukaa mwaka mmoja.

Katika mwaka huo hujifunza mambo ya namna nne: maradhi ya kurithi, saratani, vijidudu, na utambuzi wa mtu kwa DNA. Hujifunza kuchagua kipimo kinachofaa na kukataa kisichofaa. Hujifunza kutoa DNA katika kipande cha nyama kilichokaa ndani ya nta, kutambua sampuli iliyochafuliwa na nyingine, kuthibitisha kipimo kipya kabla ya kukitumia kwa mgonjwa, na kuandika ripoti ambayo daktari wa wodini ataielewa. Hujifunza pia uzito wa maneno yake, kwa kuwa kulitaja jeni la mtu mmoja ni kuzitaja habari za ndugu zake na watoto wake. Katika Kiswahili cha leo mafunzo ya daraja hiyo, yanayokuja juu ya ubingwa, huitwa ubingwa bobezi.

Tanzania ilijenga ngazi zake za elimu ya utabibu kutoka chini. Kabla ya Uhuru kijana aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Mwaka 1963 shule ya utabibu ilifunguliwa Dar es Salaam, na hospitali ya mafunzo ikawa Muhimbili. Katika miaka ya 1970 masomo ya ubingwa yalianza kutolewa hapo hapo nchini. Hospitali za rufaa za KCMC, Moshi, na Bugando, Mwanza, zilifunguliwa mwaka 1971, na baadaye nazo zikawa na vyuo vyake. Muhimbili ilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Tangu mwaka 2004 mradi wa selimundu wa Muhimbili, ambao Julie Makani amekuwa kiongozi wake, ulikusanya kundi la wagonjwa lililo miongoni mwa makubwa ya ugonjwa huo duniani. Kazi hiyo ina maana, kwani inakadiriwa kuwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka katika Tanzania. Moshi nako kuna maabara ya utafiti inayosoma DNA. Kipo pia chuo cha pamoja cha madaktari wa patholojia wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, na katika miaka ya 2020 Serikali ilianza kugharimia madaktari wanaosomea ubingwa na ubingwa bobezi.

Lakini ngazi ni ndefu. Daktari husoma miaka mitano ya shahada, mwaka mmoja wa mazoezi, kisha hufanya kazi. Huja miaka mitatu au zaidi ya ubingwa wa patholojia. Ndipo afikie ubingwa bobezi. Mtoto wa Haydom au wa Katesh anayeingia chuo akiwa na miaka 20 hufika juu akiwa amekwisha kupita miaka 30. Tena madaktari wanaochagua patholojia ni wachache, kwa maana sifa za watu humwendea daktari wa upasuaji, wala si yule aliyemwambia mahali pa kukata.

Yuko atakayesema kwamba mafunzo haya ni anasa. Atauliza: nchi ambayo zahanati zake hupungukiwa na wauguzi, na ambayo fomalini yenyewe wakati mwingine huadimika, ina haja gani na bingwa bobezi wa molekuli? Hoja hii ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Bingwa asiye na sampuli njema hana kazi. Kipande cha nyama kilichooza njiani hakiwezi kusomwa na mtu ye yote, hata awe amesomea wapi. Basi muuguzi, mtaalamu wa maabara na barabara hutangulia.

Hata hivyo historia ya Mbulu na Hanang hujibu hoja hiyo kwa namna mbili. Kwanza, elimu ya molekuli haikungoja nchi itajirike ndipo ifike. Ilikwisha kufika, katika karatasi za matone ya damu na katika vikopo vya GeneXpert. Kinachobaki kuamuliwa si kama kipimo kitafanywa, bali nani atakielewa. Mashine ile ile ipimayo kifua kikuu yaweza, kwa kikopo kingine, kupima aina moja ya saratani ya damu na kuonyesha kama dawa yake inafaa. Pili, bingwa bobezi mmoja hahitaji kukaa katika kila wilaya. Akikaa Moshi, Mwanza au Dar es Salaam, na majibu yake yakarudi kwa wakati, hutumikia mamia ya hospitali. Kumfundisha ni gharama ya mtu mmoja, na faida yake hugawanyika kwa watu wengi mno.

Ila manufaa hayo yana masharti. Sharti la kwanza ni mafunzo yenyewe kutolewa karibu na maradhi. Daktari aliyefundishwa ng'ambo hujifunza vipimo vya saratani za Wazungu na orodha za jeni zilizosomwa katika damu za Wazungu. Badiliko la DNA lililo la kawaida kwa Mwiraqw laweza kuonekana kwake kuwa ugonjwa, kwa sababu halimo katika orodha. Utafiti wa maziwa ulionyesha wazi kwamba badiliko la Ulaya na la Mbulu hutenda kazi moja bila kuwa moja. Sharti la pili ni kuwepo kwa nafasi ya kazi, vitendanishi na mshahara wa kumngoja anaporudi, kwani bingwa asiye na maabara hufuata maabara iliko, hata ikiwa ni ng'ambo ya bahari. Sharti la tatu ni mapatano ya haki juu ya sampuli. Tangu Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, nchi ilikuwa na chombo cha kusimamia utafiti wa namna hiyo; lakini mapatano yaliyo bora ni yale ambayo ndani yake yumo Mtanzania awezaye kuisoma sampuli hiyo mwenyewe. Asiyeweza kuisoma hana la kudai ila adabu ya mgeni.

Katika miaka sabini tangu kufunguliwa kwa hospitali ya Haydom, damu ya watu wa Mbulu na Hanang imesafiri mbali. Imefika katika maabara za Ulaya na Marekani, na imesaidia dunia kujua asili ya binadamu, faida ya maziwa, na namna ya kupima virusi mahali pasipo na jokofu. Maarifa nayo yamerudi, lakini kwa miguu na kwa vituo vingi. Njia ya kuyaharakisha si kuizuia damu isisafiri, kwa kuwa elimu haina mipaka. Njia ni kuwafundisha wasomaji wake hapa hapa, ili mama aliyeleta mtoto mwenye tezi ya shingo kutoka Basotu au Yaeda aambiwe jina la ugonjwa huo wakati ambapo jina hilo bado laweza kumsaidia mtoto.